Kona ya Mama Cherehani: Sketi za drafti zimeniaibisha mbele ya mwalimu mkuu

Wapendwa wasomaji, mwezi huu ni drafti tupu. Shule zimefunguliwa, mafundi hawalali, na hapa kibarazani kwangu Mwanga, Kigoma, umeme ukikatika tunakanyaga kwa miguu kama zamani. Nimechagua maswali machache, la kwanza limenigusa kwaiyo mniwie radhi nikilijibu kirefu, hayo mengine nitayapitia tu.

Swali: Rula inasema sawa, macho yanasema sio sawa

*Shikamoo Mama Cherehani. Mi ni fundi mdogo tu hapa Gungu, nina cherehani mbili na binti mmoja wa kunisaidia. Nilipata oda ya sketi za marinda arobaini za shule moja ya ingilishi midiamu, kitambaa ni drafti ya bluu iliyoiva na damu ya mzee na kamstari keupe. Nusu ya kazi kitambaa kikaniishia, nikaagiza kingine kwa mtu anayepokea mzigo wa treni toka Dar, tukapimana kwenye simu, mi nikapima mraba wangu kwa rula na yeye akapima wake, wote tukapata sentimita nne na pointi sita, nikatuma hela. Mzigo umefika nimekata nimeshona sketi kumi na moja, kipande cha mbele kitambaa cha zamani cha nyuma kipya, mistari haikutani! Mwalimu mkuu kazitandika mezani mbele ya wazazi akauliza hii ni shule gani na hii ni shule gani. Nimelia mama yangu. Kosa liko wapi? Nakutumia vipande viwili kwa bodaboda. Fundi wa Gungu.*

Marahaba mwanangu. Futa machozi kwanza. Vipande nimevipata, nikatafuta miwani yangu, nikachukua sindano na simu ya mjukuu ile ambayo kamera yake inavuta karibu, nikakaa mlangoni penye mwanga nikahesabu nyuzi moja moja. Ndio, nyuzi. Watu wengi wanaangalia drafti kama picha, wanasema ni ya bluu na nyekundu basi, wakati drafti ni hesabu, ni orodha ya rangi na idadi ya nyuzi za kila rangi kwa mpangilio, na ukishaijua hiyo orodha unaweza kumpa mfumaji yeyote duniani akakufumia kitambaa kilekile bila hata kukiona. Waskoti wenye hizi drafti za sufu, zile zinazoitwa tartani, ndo wanavyotunza drafti zao, kwa orodha, na ile sehemu inayojirudia wanaiita seti, sio seti ya vikombe.

Sasa nikuoneshe orodha ya kipande chako cha kwanza. Nikianzia kwenye bluu ile pana: bluu nyuzi 36, nyeupe 4, bluu nyembamba 12, damu ya mzee 24. Alafu hapo inageuka. Hapa ndo penye siri na hapa ndo mafundi wengi wanapopotea, drafti nyingi hazianzi upya zikifika mwisho, zinarudi na njia ileile. Fikiria treni yetu. Inatoka Kigoma, inapita Uvinza, inapita Kaliua, inafika Tabora, ikirudi inapita Kaliua, Uvinza, ndo inaingia Kigoma. Tabora umeitaja mara moja tu kwa sababu pale ndo ilipogeuka, na Kigoma vilevile unaihesabu mara moja, maana inapoishia safari hii ndo hapohapo inapoanza nyingine. Kwenye kitambaa chako Kigoma ni ile bluu pana, Tabora ni damu ya mzee, hivo ni vituo vya kugeuzia, na nyeupe na bluu nyembamba ni Uvinza na Kaliua, zinapitwa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Jumlisha safari nzima: 36, 4, 12, 24, 12, 4. Inakuja nyuzi 92. Kitambaa chako kina nyuzi 20 kwa kila sentimita, 92 gawa kwa 20 ni 4.6. Hiyo ndo sentimita nne na pointi sita uliyopima, rula yako haikukosea hata kidogo.

Kipande cha pili sasa. Bluu pana 36, sawa. Nyeupe 6. Bluu nyembamba 12, sawa. Damu ya mzee 20. Jumlisha safari: 36, 6, 12, 20, 12, 6. Inakuja ngapi? 92! Nilipofika hapo niliacha sindano nikacheka peke yangu, mjukuu akaniuliza bibi vipi. Yaani aliyefuma kitambaa cha pili kaongeza nyuzi mbili kwenye kila mstari mweupe na kapunguza nyuzi nne kwenye damu ya mzee, jumla haijabadilika hata uzi mmoja, ndo maana mlipopima mraba mzima mlipata sawa, wewe na huyo muuzaji wote mkala kiapo. Lakini ndani ya mraba kila kitu kimesogea kidogo, na mstari mweupe umenenepa nusu ya unene wake, jicho la mwalimu mkuu haliwezi kuhesabu ila linaona kuna kitu kimeharibika.

Kwaiyo siku nyingine usipime mraba, hesabu. Chukua kipande kidogo chenye ukingo, fumua nyuzi chache pembeni zitokeze kama ndevu, ndo utaziona vizuri kila moja na rangi yake. Kama nyuzi ni nyembamba sana piga picha kwa karibu uhesabie kwenye kioo cha simu. Namba zikija witi, yaani 3 au 7, rudia kuhesabu, kwa sababu kwa kawaida zinakuwa shufwa, ile kazi ya mkono wa zamani kijiti kinachobeba uzi kikienda upande huu lazima kirudi ndo ubadilishe rangi, kwenda na kurudi ni nyuzi mbili, tabia hiyo imebaki mpaka kwenye mashine. Na usishangae ukikuta kitambaa kingine kina namba nusu ya zako, mfano 18, 2, 6, 12, huyo ni ndugu yuleyule ila kafumwa na uzi mnene, uwiano ndo unaoangaliwa. Ingawa kwa sketi zako asingekufaa, lazima na unene wa uzi ulingane.

Kitu kingine nimekiona ambacho wewe hujakisema. Kipande cha pili mraba sio mraba kamili. Nyuzi zinazosimama, zile zinazokwenda sambamba na ukingo wa jora, wanaita mtande, na zinazolala ni mshindio. Kwenye kitambaa kizuri zinabanwa sawa, mraba unakuwa mraba. Hicho chako cha pili mshindio umebanwa zaidi, miraba imekuwa mifupi kama tofali lililolala, sasa ukikata paneli moja kwa wima na nyingine kwa kulaza ili ubane kitambaa, hata kama ni jora lilelile mistari haitakutana milele. Usigeuze kitambaa cha drafti hata siku moja kwa kubana matumizi, bora ubane kwenye sukari ya chai.

Na uangalie usije ukauziwa drafti ya kuchapwa. Geuza kitambaa upande wa nyuma, kama rangi imefifia hiyo imepigwa juu kama kitenge, haikufumwa. Kama bado una wasiwasi chomoa uzi mmoja uutazame urefu wake wote, wa kufumwa una rangi moja toka mwanzo mpaka mwisho, wa kuchapwa utakuta kipande bluu kipande cheupe kipande bluu kama kenge.

Haya, sketi kumi na moja tufanyeje. Mi nakushauri fumua. Najua inauma. Vile vipande vya kitambaa kipya kata mikanda ya kiuno kwa mshazari, ikikaa upande drafti inakuwa kama almasi na hakuna mtu atategemea mistari ikutane, inapendeza hata, na mifuko ya ndani hivohivo. Kitambaa cha sketi zenyewe agiza upya kwa namba, mtumie muuzaji hizi, 36, 4, 12, 24, mwambie ahesabu na yeye akutumie picha kabla hujatoa hela. Nenda na kikaratasi hicho kwa mwalimu mkuu, umwambie mwalimu hii ndo sare yenu, ibandikeni ofisini, mwakani nikishona mimi au akishona mwingine itatoka hii. Mwalimu anapenda mtu aliyekuja na hesabu.

Marinda nayo. Umeyakunja bila kufuata drafti, rinda hili linaonesha nyeupe lile linaonesha bluu, imekuwa vurugu. Kuna njia mbili. Ya kwanza kila rinda linaonesha mstari uleule, hapo kila rinda lazima lile seti kamili bila chenji. Ukichukua seti mbili ni sentimita 9.2, unaonesha 3 unaficha 6.2, kiuno cha 60 ni marinda 20, kitambaa sentimita 184. Hii ndo njia ya wanajeshi wa Uskoti kwenye zile sketi zao za kiume, kilti. Njia ya pili ni kukunja ili drafti iendelee kama haijakunjwa, kila rinda linaonesha 3 na linaficha seti moja nzima, 4.6, kwaiyo linakula 7.6, mara 20 ni sentimita 152. Ya pili inakuokolea sentimita 32 kwa kila mtoto, mara arobaini ni mita kumi na mbili na nusu na zaidi, hizo ni hela ya unga. Rinda linakuwa jembamba kidogo kwa ndani ila mtoto wa darasa la pili hatakuja kukulalamikia. Wenzetu kilti moja ya mtu mzima inakula yadi 8, wao sufu wanayo.

Swali: Nyuzi tatu, rangi sita?

*Habari za kazi mama. Nasomea ushonaji hapa Kasulu. Mwalimu alituambia tuhesabu rangi kwenye kitambaa cha sare chenye nyuzi za rangi tatu, wenzangu wakaandika tatu mimi nikaandika sita nikakosa. Lakini mbona naziona sita kweli?*

Mwanangu una jicho, na mwalimu wako mheshimu ila umepata. Chukua hiyohiyo drafti ya bluu, nyeupe na damu ya mzee. Mahali mtande wa bluu umekutana na mshindio wa bluu unaona bluu tupu, na nyeupe kwa nyeupe hivo, na damu ya mzee kwa damu ya mzee hivo, hizo tatu. Ila bluu inapopita juu ya nyeupe inakuja rangi ya kati, nusu kwa nusu, na bluu na damu ya mzee inakuja zambarau fulani iliyochoka, na nyeupe na damu ya mzee inakuja kama waridi. Tatu za kuchanganya, jumla sita.

Nyuzi zikiwa rangi nne utaona kumi, zikiwa sita utaona ishirini na moja. Ni kama watu wanaopeana mikono msibani, wanne wakisalimiana wote ni mara sita, ongeza wao wenyewe wanne, kumi.

Sasa ukisogea karibu sana utaona hakuna zambarau wala waridi, kuna vidoti vya bluu na vidoti vya damu ya mzee vimejipanga kwa mshazari, jicho ndo linachanganya ukikaa mbali. Huo mshazari unatokana na ufumaji wenyewe. Kitambaa cha kawaida kama khanga uzi unapita juu ya mmoja chini ya mmoja. Tartani uzi unapita juu ya mbili chini ya mbili, na mstari unaofuata unasogea uzi mmoja pembeni, unaofuata unasogea tena, ndo inatokea ngazi ya mshazari. Angalia jinzi uliyovaa, ni ukoo huohuo ila jinzi haijapishana sawa, upande mmoja umetawaliwa na bluu na wa pili na nyeupe. Tartani imepishana sawasawa, mbele na nyuma ni nguo moja, ndo maana inachanganya rangi kwa haki.

Na hapa nikupe la ziada maana naona utafika mbali. Rangi zikizidi drafti inafubaa. Piga hesabu: rangi tatu zenye upana sawa, sehemu zenye rangi tupu ni theluthi moja tu ya kitambaa, mbili zote ni mchanganyiko. Rangi sita, tupu ni moja ya sita tu, nyingine zote ni uji. Kwaiyo mfumaji mjanja anachukua rangi mbili au tatu kubwa, alafu anapitisha kamstari kembamba keupe au ka njano nyuzi mbili nne hivi kuamsha usingizi. Kuna drafti moja maarufu ya ukoo wa Wallace ina vitu vinne tu, nyeusi 4, nyekundu 32, nyeusi 32, njano 4, basi, inageukia kwenye ile nyeusi ndogo na kwenye njano. Ukiiona huisahau. Watoto wetu wa siku hizi wanataka rangi nane kwenye kola tu.

Swali: Ubishi wa kahawa Ujiji

*Mama Cherehani, sisi wazee wa kijiwe cha kahawa hapa Ujiji tumegawanyika. Mwenzetu mmoja amesoma sana, anasema kule Uskoti kila ukoo una drafti yake toka enzi za mababu, na kwamba hata Livingstone alipokuwa hapa kwetu alikuwa kavaa ya ukoo wake. Mwingine anasema ni biashara tu. Tupe hukumu, tumewekeana dau la kashata.*

Shikamooni wazee wangu. Dau nadhani ligawanywe, ila vipande vikubwa apewe yule wa biashara.

Drafti zenyewe ni za kale, hilo halina ubishi. Kuna kitambaa kiliokotwa mji wa Falkirk hukohuko Uskoti, kilikuwa kimeziba mdomo wa chungu chenye sarafu za Kirumi karibu elfu mbili, ni cha miaka ya 200 na kitu, rangi mbili tu, nyeupe na kahawia, na wala hazikutiwa rangi, ni sufu ya kondoo mweupe na kondoo wa kahawia basi. Kingine kilitolewa kwenye tope la bonde la Glen Affric miaka ya 1980, na 2023 wakatangaza kuwa kilifumwa kati ya 1500 na 1600, hicho ndo tartani halisi ya zamani kuliko zote wanayoijua huko Uskoti. Kwaiyo mababu walivaa. Ila kwamba ukoo huu una hii na ukoo ule una ile imeandikwa na kutiwa muhuri, hapana, hiyo imekuja juzi.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1746 watu wa milimani walipigwa vita pale Culloden, serikali ya Uingereza ikaleta sheria ya kuwakataza wanaume wasivae nguo zao hizo, ukikamatwa jela. Waliokuwa jeshini tu ndo waliruhusiwa, wale wa drafti ya bluu, nyeusi na kijani. Sheria ikafutwa 1782, miaka thelathini na sita, hapo wazee wengi wamekufa na vijana wamekua wakivaa suruali. Kitu kikikatazwa kinakuwa kitamu, si mnajua, ghafla kila mtu akaitaka. Kulikuwa na kiwanda cha familia moja ya Wilson mji wa Bannockburn, walikuwa na drafti zao kwa namba, namba hii namba ile, wakaona zikipewa jina la ukoo au la mji zinatoka haraka. Kama akina mama zetu wa vitenge hapa sokoni, jora likigoma kununuliwa anabuni jina, keshokutwa limeisha. Mwaka 1815 chama kimoja cha London kikawaandikia machifu wa koo kiwaambie leteni kipande cha drafti yenu tuhifadhi, wengine wakaanza kuulizana jamani yetu ni ipi. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne akatembelea Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndo akawa mshehereshaji, akataka wageni wavae kiasili, hapo sasa mafundi walikula raha, na mfalme mwenyewe akavaa. Mwaka 1842 ndugu wawili wakatoa kitabu wakidai wamenakili kutoka maandishi ya kale, watu wakaja kugundua hayo maandishi ni ya kubuni. Na bado drafti nyingi za kitabu hicho zinavaliwa mpaka leo, hiyo ya Wallace niliyowatajia juu ikiwemo. Waongo lakini macho walikuwa nayo.

Mi sioni ubaya wowote. Drafti ikivaliwa harusini na mazikoni miaka mia mbili, ni ya ukoo, aliyeibuni kwanza kashaoza.

Kuhusu Livingstone, wazee, hakuna palipoandikwa kuwa hapa Ujiji alivaa drafti. Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta 1871 aliandika alichokiona: kofia ya bluubluu yenye utepe wa dhahabu uliopauka, kizibao chenye mikono myekundu, na suruali ya kijivu ya twidi. Twidi ni sufu ya huko kwao, ndugu wa tartani, ila haina miraba ya ukoo. Lakini kuna kitu kimoja mimi kama fundi huwa nakifikiria kila nikipita pale kwenye mnara wake. Huyu mzee alianza kazi akiwa na miaka kumi kwenye kiwanda cha pamba pale Blantyre, kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika, anapita chini ya mashine anaunga, saa kumi na nne kwa siku. Vidole vya kuunga uzi. Wenzangu na mimi wote wa kwenye pamba tunazijua hizo ncha za vidole.

Swali: Shuka la Kimasai ni la Waskoti?

*Mambo mama, mi dereva wa fuso, natokea Nzega. Abiria mmoja alisema shuka za Wamasai zile za miraba ni drafti za Waskoti walioacha huku. Ukweli ni upi?*

Poa baba. Ukiwa na nyuzi za rangi mbili zinazosimama na nyuzi za rangi mbili zinazolala, miraba inatoka yenyewe, hata wewe ukifuma leo kwenye fuso lako itatoka, haihitaji mtu kuja na meli kukufundisha. Nguo za milia na miraba zilikuwa zinapita njia hiyohiyo unayopita wewe, Burton, yule msafiri wa Kiingereza, alipofika Kaze, ndo Tabora ya sasa, 1857, alikuta biashara nyingi inalipwa kwa nguo, merikani ya nyeupe, kaniki ya buluu, na nguo za rangi toka Uhindi na Uarabuni kama debwani na vikoi. Na neno lenyewe shuka enzi hizo lilikuwa kipimo, mikono minne, na mikono minane ndo doti, ile doti unayomnunulia mkeo khanga. Ukitaka kuzitofautisha kwa jicho angalia mshazari niliomwelezea yule mwanafunzi wa Kasulu, na angalia kama rangi zinarudi na njia ileile. Safari njema, punguza mwendo kwenye matuta.

Swali: Kwaya yetu inataka drafti yake

*Bwana asifiwe mama. Sisi ni kwaya hapa Tabora mjini, tunatimiza miaka kadhaa tunataka sare ya drafti ambayo haina mtu mwingine. Tumesikia Uskoti kuna daftari la kusajili. Je na sisi weusi wa Tabora tunaruhusiwa?*

Amina mwanangu. Mnaruhusiwa, kwanini msiruhusiwe. Bunge la Uskoti lilitunga sheria 2008 na daftari likafunguliwa Februari 2009, liko Edinburgh na linasomeka kwenye intaneti, mtu yeyote wa nchi yoyote anaweza kuomba. Wanachotaka ni ile orodha niliyomwambia fundi wa Gungu, rangi na idadi ya nyuzi, na jina ambalo lina uhusiano na nyinyi, msije mkajiita ukoo wa watu, na drafti isifanane na iliyopo tayari. Ila sikilizeni, kusajiliwa hakukufumii nguo. Kazi kubwa ni kupata kiwanda kitakachokubali kufuma jora dogo la kwaya moja, hapo ndo hela inapoishia, kwaiyo tafuteni mfumaji kwanza alafu usajili baadae.

Mpangilio nimewachezea mmoja usiku umeme ulipokatika. Tabora ni asali na maembe. Njano ya asali nyuzi 8, kijani cha muembe 40, kahawia ya udongo 16, nyeusi 6. Inageukia kwenye njano na kwenye nyeusi, safari nzima nyuzi 126, kwa uzi wa 20 kwa sentimita ni sita na pointi tatu, mraba wa kutosha kuonekana toka viti vya nyuma kanisani. Msiongeze nyeupe. Najua mtaongeza.

Tatizo moja nililolipata ni kuandika. Wenzetu wanafupisha kwa herufi moja, nyekundu R, kijani G, bluu B, na nyeusi wakaipa K maana B imeshachukuliwa. Sasa jaribu kwa Kiswahili: nyekundu N, nyeusi N, nyeupe N, njano N. Nilikaa na kalamu nikashindwa, nikaenda kununua penseli za rangi za mtoto. Fanyeni hivohivo, chora vistari kwa penseli na namba chini yake, hata mshona viatu ataelewa.

Swali: Imechuja

*Mama, sketi ya mwanangu damu ya mzee imechujia kwenye mistari myeupe, imekuwa waridi. Siki inasaidia? Mama wa Kibirizi.*

Dada yangu siki weka kwenye kachumbari ya mgebuka. Rangi ikishahamia imehamia. Kabla ya kununua lowesha kitambaa cheupe, sugua kwenye ile rangi iliyoiva, kikitoka na rangi rudisha jora juu ya meza uondoke. Hiyo uliyonayo fua peke yake kwa maji ya baridi, anika kivulini.

Fundi wa Gungu, vipande vyako viwili nimevibana pamoja kwa pini na namba zimeandikwa nyuma kwa chaki. Viko kwenye kopo la vifungo, nikiwa sipo muulize mjukuu.